Mawe Hayakukimbia

Kigoma, 6 Aprili 2025

Mpwa wangu Orpa,

Leo ni Jumapili, na mwezi huu unatimia mwaka wa thelathini na mbili tangu treni iliponitoa Likasi. Nakuandikia nikiwa kibarazani, meza ikiwa imewekewa kigae mguuni ili isiyumbe.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako na mwanao Bénie. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Rosalie anasumbuliwa na magoti, lakini magoti hayamzuii kunigombeza, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Mvua zimekuwa nyingi hata ziwa limemeza njia ya kwenda kwa waanika samaki. Nimekwisha kustaafu kufundisha Kifaransa, na macho yangu bado yananivumilia kurasa chache kila asubuhi.

Hervé alifika juzi kutoka huko kwenu kununua ndakala zake, hawa dagaa wetu wa kuanikwa. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za kila mtu, kisha akasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi: «Papa Barthélemy, mudogo yenu Mama Marceline alishakuwa mwanaume.»

Nilidhani Kiswahili chake kimemwagika njiani. Nikamuuliza, mama yake Orpa awe mwanaume namna gani?

«Mwanaume mwanaume. Njo vile bantu ya ku mashimo banasema.» Akacheka, akaomba sukari nyingine. Nilipombana alisema tu kwamba shimo lilianguka na mtu akatolewa. «Uliza Orpa. Yeye njo iko na masomo.»

Basi nakuuliza. Usinipigie simu. Simu inamtaka mtu ajibu kabla hajajua anachofikiri. Andika, umpe Hervé, nami nitangoja.

Baada ya kuondoka kwake nilisinzia palepale kwenye kiti, nikaota natembea kutoka stesheni kwenda nyumbani kwetu. Mijakaranda ilikuwa imechanua, na maua yalikuwa yakipanda juu badala ya kuanguka. Kwenye kila lango alikaa mwanamke mwenye kofia ngumu ya mgodini, anaosha mawe katika beseni. Niliwajua wote. Hakuna hata mmoja aliyeinua uso.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako,
Barthélemy

*

Likasi, 18 Mei 2025

Yomba wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tuko, Mungu anatulinda. Umeme wa bwawa la Koni unapita juu ya paa letu ukienda kwa watu wengine; sisi tunausikia tu ukiimba kwenye nyaya. Bénie ameng'oka meno mawili ya mbele na anajificha akicheka. Juzi tulipita upande wa Kakontwe, akaona vumbi jeupe la kiwanda cha saruji, akaniambia pale ndipo wanapopika mawingu. Sikumsahihisha, ingawa mimi ni mwalimu.

Mama ni mzima. Mabega yalichubuka, sasa yamepona.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Tangu baba yangu, Papa Albert, atutoke, Mama anaosha mawe ya kobalti kwenye machimbo yaliyo nyuma ya kilima, upande wa mto Lufira. Sheria ya pale huenda unaikumbuka, maana ni ya zamani kuliko machimbo yenyewe: wanawake wanaosha kijitoni, wanachambua, wanabeba, wanapika. Mdomo wa shimo hawausogelei. Mwanamke akiingia, mawe yanakimbia. Mshipa uliokuwepo jana unaamka ukiwa udongo mtupu. Na kwa kuwa hawaingii mashimoni, hawawezi kumiliki shimo, na kwa kuwa hawamiliki, hawakai kwenye mkutano wa koperative ya wachimbaji. Wanapata habari za mkutano kama tunavyopata umeme.

Mwezi wa tatu, baada ya mvua ndefu, shimo la Bertin lilianguka upande mmoja. Bertin ndiye mwenye shimo, wanamwita pédégé, kama mkurugenzi wa kampuni. Wenzake walitoka, lakini kijana anayeitwa Ricky alibaki kwenye tundu la pembeni. Walimsikia akiita. Wanaume wawili walijaribu, mabega hayakupita. Waliobaki wakaanza kuomba, na wengine wakaanza kutazama mbali.

Mama akapanda kutoka kijitoni. Akafungua kikwembe chake, akabaki na suruali anayoivaa kwa baridi ya maji, akachukua kamba mkononi mwa mtu, akajifunga.

Bertin akamwambia: «Mama, weye hapana. Mawe itakimbia.»

«Ikimbie,» Mama akasema. «Ricky yeye hawezi kukimbia.»

Akashuka. Alikaa huko muda wa majani ya sombe kuiva. Alitoka akimvuta Ricky kwa ukosi wa shati, huku akimgombeza kwa kupoteza kiatu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo jambo lilipo. Hakuna aliyeshangilia. Watu walisimama wakimtazama, kwa sababu kama mwanamke ameingia, shimo limeharibika na lazima liachwe. Ndipo Bertin, ambaye si mjinga, aliposema: «Ule haiko mwanamuke. Ule ni mwanaume.» Watu wote wakapumua. Wakamwinua wakaimba. Tangu siku ile wanamwita Papa Marceline, na sheria yao iko salama, maana hakuna mwanamke aliyeingia.

Siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, tarehe nne Desemba, wanataka kufanya sherehe. Watamvisha kofia ngumu na koti la mchimbaji. Lakini wanasema ni lazima mwanaume wa ukoo wake asimame mbele ya watu atamke: huyu tuliwapa akiwa mwanamke, leo tunawapa akiwa mwanaume. Baba yangu amekufa. Umebaki wewe.

Nakuomba uje, Yomba. Tangu ajali, mawe ya shimo lile yanapungua, na midomo imeanza. Sherehe isipofanyika watasema mwanamke aliingia kweli. Watamfukuza kilimani, na unajua watu wakikosa mawe wanatafuta nini cha kuvunja.

Nilimuuliza Mama yeye mwenyewe anataka nini. Akasema anataka kukaa kwenye mkutano, yeye na wanawake wa kijitoni, waseme na wamiliki kama mtu yeyote. «Ile njo nilikuwa nataka tangu zamani, mbele shimo ianguke,» akasema, akaenda kulala.

Kitanda chako kiko tayari.

Orpa

*

Kigoma, 29 Juni 2025

Mpwa wangu,

Barua yako ilinifikia ikinuka samaki, na hilo lilinifurahisha. Rosalie ameagiza dawa ya magoti kwa mama mmoja wa sokoni, na sasa nyumba yote inanuka karafuu. Mwambie Bénie kwamba kuhusu mawingu yuko sahihi.

Nimeisoma habari ya Marceline mara nyingi. Nikifika pale kwenye ukosi wa shati namsikia. Alipokuwa mdogo alinivuta hivyohivyo kutoka kwenye mfereji nyuma ya nyumba yetu, na mimi nilikuwa mkubwa kwake.

Wacha nikusimulie kitu. Nilipokuwa kijana, Mapadri walinipa kazi ya kupangusa vitabu, na anayepangusa husoma. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na majalada yaliyokusanya maandishi ya Ulaya ya miaka mia nne iliyopita. Wakati ule watu wa kule waligombana kwa kalamu: je, mwanamke ni mtu kamili? Waliomtetea, wanawake kwa wanaume, walianza kwa kuwapanga mashujaa: malkia walioongoza majeshi, wajane waliolinda miji, mabikira waliosimama mbele ya simba. Waliwachora kwa safu kwenye kuta za majumba makubwa. Walichokisifu kwao kiliitwa fadhila ya kishujaa, yaani wema unaopita kipimo cha kawaida, unaotendwa upesi na kwa wepesi, kama mtu asiyehitaji kuambiwa mara mbili. Kanisa bado linaulizia fadhila hiyo linapompima mtakatifu.

Hoja yao ilikuwa rahisi. Ujasiri ukionekana kwa mwanamke mmoja tu, basi si mali ya wanaume tena. Ufa mmoja, na ukuta umekwisha. Wahenga walituonya tuzibe ufa kwa sababu walikuwa upande wa ukuta.

Kwa hiyo mimi nasema akubali. Avae kofia. Jina la mwanaume litamfunika kama mwavuli mpaka mvua ipite, na chini ya mwavuli ataweza kuingia kwenye mkutano na kusema anayotaka kusema.

Kuhusu safari, tutaona. Mwezi wa kumi na moja ziwa huchafuka, na barabara ya kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, unaijua.

Nimeota tena. Safari hii treni ilikuwa ikirudi nyuma, kinyumenyume, polepole, na watu waliokuwa stesheni walikuwa wakipokea mizigo yao kupitia madirishani na kuirudisha majumbani. Mtu mmoja alirudishiwa mlango.

Mjomba wako,
Barthélemy

*

Likasi, 17 Agosti 2025

Yomba,

Tunakusalimia. Kiangazi kimekausha kila kitu, na mlima umekuwa rangi ya ngozi ya simba. Bénie ameota jino moja, la pili linajivuta. Shule imefungwa, kwa hiyo nimekuwa nikienda kijitoni na Mama asubuhi, na nimeona kwa macho yangu.

Nilimsomea barua yako akichambua sombe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi. Kisha akauliza: «Bale bamama ba mu kitabu, kisha kubachora ku ukuta, babinti yabo balienda wapi?»

Jibu nalitafuta kwako. Wewe unalo?

Halafu akasema juu yako, kaka yake: «Yaya iko na woga. Umuambie asante.»

Sasa nikueleze kuhusu Carmen. Ni binti wa miaka ishirini hivi, anaosha mawe karibu na Mama, ana ulimi mrefu na mikono myepesi. Mwezi wa saba upepo ulichukua kikwembe chake ukakitupa karibu na mdomo wa shimo la Bertin. Akakikimbilia. Wanaume walimpiga kwa madongo mpaka akaanguka. Na wakati uleule, kwenye njia ileile, Bertin alikuwa amembebea Mama beseni lake kichwani kwa heshima, anamwambia: «Pita, Papa, pita.» Mama akasimama pale katikati. Beseni lake lilikuwa juu ya kichwa cha pédégé, na Carmen alikuwa chini anatema udongo.

Hawakupasua ukuta, Yomba. Walifungua mlango mdogo wa mtu mmoja, wakaufunga nyuma yake, na sasa ukuta una sifa ya kuwa na mlango.

Nilikwenda kwa Bertin mwenyewe. Ni mtu wa mizaha, huwezi kumchukia siku nzima. Nikamuuliza: «Ba Bertin, Barbara munayemufanyia sikukuu, si ni mwanamuke?»

«Mwalimu, ule ni mutakatifu. Mutakatifu haiko mwanamuke, haiko mwanaume.»

«Na sanamu yake yenye nywele mpaka kiunoni?»

«Sanamu ni ya bakatoliki. Minye ni wa kanisa ya uamusho. Minye nakulaka tu chakula yabo.»

Watu wakacheka, na mimi pia. Kisha akaniambia chinichini, bila kucheka, kwamba mawe yameisha nusu, kwamba wazee wa mashimo wanamuuliza maswali, na kwamba mjomba wangu afike kabla ya tarehe nne kwa ajili ya usalama wa mama yangu. Nadhani alimaanisha mema.

Mama hataki kofia. Amesema wazi. Anasema akiikubali, Carmen atapigwa madongo maisha yake yote, kwa sababu Carmen si shujaa, ni msichana tu aliyepoteza nguo. Mimi nataka aishi. Ndiyo shida yetu humu ndani: yeye anataka haki, mimi namtaka yeye. Njoo usimame, useme maneno yoyote. Na kama ujasiri si mali ya wanaume kama unavyoandika, basi na woga wa ziwa usiwe wako.

Hujanijibu kama unakuja. Niliuliza mwezi wa tano.

Orpa

*

Kigoma, 12 Oktoba 2025

Mpwa wangu Orpa,

Rosalie anatembea bila fimbo sasa na amerudi kuuza vitumbua. Mimi nilikuwa na homa mwezi uliopita, si kitu, ila ilinilaza na swali la mama yako. Mabinti walikwenda wapi? Nilitazama dari siku nyingi nikiwatafuta.

Wengi wao walirudi jikoni, Orpa. Picha zilibaki ukutani na mabinti wakapita chini yake wakibeba sahani. Mama yako ameona kwa swali moja kitu ambacho mimi nilikipangusa vumbi nikakirudisha rafuni. Lakini nilipokuwa na homa nilikumbuka kwamba kwenye rafu ileile kulikuwa na sauti nyingine, chache zaidi. Mwanamke mmoja alikataa kuhesabu malkia. Nakieleza alichofikiri kwa maneno yangu, maana yake yamenitoka. Aliona kwamba ukisema mwanamke jasiri ameshinda uanamke wake, umemwibia mara mbili. Unamnyang'anya tendo lake, kisha unawapa waliosimama wakitazama. Hakutaka mwanamke awekwe juu ya mwanaume wala awe wa ajabu. Alitaka usawa, na usawa hauwezi kuwa zawadi ya ushujaa, maana shujaa ni mmoja na wanawake ni wengi. Yule asiyemwokoa mtu, anayegombana na jirani na kuunguza sombe, anahitaji kiti kilekile.

Hakuna aliyemuuliza Bertin amemtoa nani shimoni kabla ya kumruhusu kusema mkutanoni.

Kwa hiyo nafuta ushauri wangu wa mwezi wa sita. Mwavuli ule ulikuwa wa mtu mmoja.

Sasa kuhusu kuja. Nimeitazama sherehe yao kama mtu anavyotazama saa iliyofunguliwa, na nimeona kwamba inategemea kipande kimoja: mwanaume wa ukoo. Pasipo yeye, hawawezi kumgeuza. Mimi ndimi wa mwisho. Nikija, hata nikisema maneno mazuri kiasi gani, nitakuwa nimesimama kumtoa dada yangu kama mtu anayetoa mbuzi. Kwa hiyo sitakuja tarehe nne, na sitamtuma Hervé kwa niaba yangu, wala sitaandika neno la kusomwa. Mahali pangu patakuwa wazi. Anayetaka kusimama pale asimame.

Najua ninachomtwika. Kwa hiyo usinitii mimi, muulize yeye. Msomee barua hii yote. Akisema nije, mpigie Hervé simu, na nitapanda boti ya kwanza, niseme chochote anachotaka niseme, hata kama nakiona ni kosa. Akinyamaza, nije. Akisema wazi kwamba hataki, basi nibaki.

Katika homa niliota nyumba yetu imejaa maji safi mpaka dirishani, na Marceline ameketi ndani yake kwenye kiti cha baba, analowa na hajali. Nilikuwa nje, nagonga. Alinionyesha kwa kidole kwamba mlango haujafungwa.

Mjomba wako,
Barthélemy

*

Likasi, 14 Desemba 2025

Yomba,

Mama ni mzima. Naanza na hilo, salamu zifuate. Bénie ana meno yote na anauma kila kitu. Mvua zimeanza na paa linavuja juu ya kitanda nilichokuandalia, kwa hiyo tumekisogeza.

Barua yako ilifika katikati ya Novemba. Niliisoma yote kama ulivyotaka. Mama akaenda akachota maji, akarudi, akasema: «Asikuje. Aniachie nafasi.» Akamwaga maji kwenye sufuria. Kisha akasema, si kwangu: «Lakini nilikuwa nataka kumuona.»

Mimi nilikasirika. Nakuandikia ili ujue. Niliona hoja yako ni nzuri sana, na hoja nzuri inayomfaa mwenye kuitoa mimi naitilia shaka.

Tarehe nne padri alibariki, sanamu ikazungushwa, watu wakala. Bertin alikula chakula cha Wakatoliki kama alivyoahidi. Kofia na koti vilikuwa juu ya meza yenye kitambaa. Akasimama akaita: «Mwanaume wa ukoo ya Papa Marceline, asimame.» Watu wakageuza shingo, wakitafuta. Akaita tena. Mtu akacheka pembeni. Bertin akamuona Hervé nyuma ya watu.

«Hervé, weye si unatokaka kule kwa yomba yabo? Simama kwa nafasi yake.»

«Minye ni muntu wa ndakala tu,» Hervé akasema. «Ukitaka ndakala, nitasimama.»

Watu walikuwa bado wanacheka Mama aliposimama. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha kanisani. Hakwenda kwenye meza. Alisema akiwa pale alipo, na hakupaza sauti, kwa hiyo ilibidi wanyamaze.

«Minye ni mwanamuke. Niliingia mwanamuke, nilitoka mwanamuke. Kama mawe ilikimbia, muniambie ilikimbilia wapi, nikaifuate.»

Mzee mmoja akainuka akasema, basi ndiyo sababu, sasa mmesikia wenyewe, mwanamke ameharibu shimo. Wengine wakaanza kunguruma. Nilimshika Bénie mkono nikatafuta njia ya kutokea. Ndipo Ricky aliposema. Alikuwa ameketi chini, mguu wake bado haujanyooka vizuri.

«Mawe ilianza kupunguka Januari. Yeye aliingia mwezi wa tatu. Shi bote tunajua. Ba Bertin, njo sababu ulituchimbisha ule tundu ya pembeni, juu ya kutafuta mushipa ingine.»

Hakuna aliyesema kwamba si kweli. Walijua wote, Yomba. Walikuwa wanalijua jambo hilo tangu mwanzo kama watu wanavyojua jina la mgonjwa wasilotaja.

Usidhani kwamba waliimba. Bertin alimwambia Mama asikanyage tena kwenye shimo lake. Watu wengi waliondoka. Kofia ilibaki mezani, na mvua ikainyeshea. Asubuhi yake Mama alichukua beseni akaenda sehemu ya chini ya kijito, mbali na Bertin, na wanawake wote wakachukua mabeseni yao wakamfuata, Carmen akiwa mbele anaimba wimbo usiofaa. Mawe ya Bertin yalikaa kwenye matope yake. Hakuna mnunuzi anayenunua matope. Wanaume wake walijaribu kuosha wenyewe. Carmen alikwenda kutazama, akarudi na habari za kutuchekesha wiki nzima.

Shimo la jirani ni la Joachim, baba mdogo wa Ricky. Ni mtu wa maneno machache. Alikuja kijitoni akamuuliza Mama kama kweli Carmen hana hofu ya giza. Carmen akajibu mwenyewe kwamba giza ndilo linalomwogopa yeye. Jumatatu wakamfunga kamba. Wachimbaji wa Joachim waligoma, wakakaa kwenye kilima wamekunja mikono wakingoja mawe yakimbie. Carmen alishuka, akapanda na gunia. Akashuka tena. Baada ya siku chache wakarudi kazini, kwa sababu kukunja mikono hakuleti unga wa bukari.

Kwenye mkutano wa mwisho wa koperative wanawake walikaa. Walikaa nyuma, kwenye magogo, na majina yao hayajaandikwa. Bertin alilalamika kwamba wanazungumza sana. Ni kweli, walizungumza sana.

Kwa hiyo, Yomba, hakuna tena wa kutolewa wala wa kupokewa. Sherehe imepita. Hoja yako imefanya kazi yake, nami nakupa haki yako. Njoo sasa, bila sababu. Mama anasema uje ule tu. Ameniambia niandike hivyo: aje ale tu, hatutamuomba kusema kitu.

Orpa

*

Kigoma, 25 Januari 2026

Mpwa wangu Orpa,

Nimesoma barua yako kibarazani, na Rosalie alinisikia nikicheka mahali pa ndakala, akaja, akanikuta nalia mahali pengine. Hajambo. Magoti yamerudi kumsumbua kidogo, lakini vitumbua havijasimama. Jana boti ilileta baridi ya ng'ambo.

Mwambie Carmen nataka maneno ya wimbo ule. Mwambie Ricky asilazimishe mguu. Kwa mama yako sina neno kubwa. Nilikuwa nikidhani fadhila ya kishujaa ni kushuka shimoni. Sasa nafikiri kushuka kulikuwa rahisi kwake, kama kunivuta kutoka mfereji. Kilichokuwa kigumu ni kubaki mwanamke baada ya kupanda, wakati kila mtu alikuwa tayari kumsamehe asiwe mwanamke. Lakini hata hilo nisilifanye picha ya ukutani. Aketi kwenye gogo lake, azungumze sana.

Uliandika kwamba hoja yangu ilinifaa. Ni kweli. Hoja inaweza kuwa ya haki na bado ikamfaa mtu, na hiyo niliyokupa ilikuwa hivyo. Sasa umeiondoa, na umeniacha na mwaliko mtupu wa chakula. Kwa hiyo nakujibu bila hoja.

Nilizaliwa Likasi, na baba yako alijua, Mungu amrehemu, kwa kuwa tulicheza naye kwenye reli. Mwaka ule wenyeji waliposema sisi wenye asili ya Kasai turudi kwetu, sikuwa nimewahi kulala Kasai hata mara moja. Mama yako alikuwa mke wa Albert, mtoto wa pale, kwa hiyo aliachwa abaki. Mimi nilikaa stesheni na wengine tukingoja mabehewa, tukipika kati ya mataruma, na kutoka pale tulipokaa niliona paa la nyumba yetu. Niliona moshi wa mtu mwingine ukitoka jikoni. Niliambiwa nirudi, nikarudi mahali nisipopajua, na tangu hapo neno lile la kurudi halijanipeleka popote.

Lakini kila ninapofumba macho natembea kutoka stesheni mpaka langoni, na kila kitu kiko pale pale: mfereji, kiti cha baba, mijakaranda. Mlango haujafungwa. Naogopa kuja na miguu yangu halisi nikaukuta na kufuli. Mama yako ana woga wa namna nyingine na ameushinda. Huu wangu nimeishi nao mpaka umekuwa kama nyumba, na humo ndani Likasi ni nzima.

Yeye akitaka kuniona, aje. Boti haiulizi mwanamke wala mwanaume. Aje na Bénie, aone yanapopikwa mawingu ya huku. Nitamngoja bandarini mwenyewe, na Rosalie ameshaanza kugombana na vyungu. Akifika atanivuta kwa ukosi, kama zamani.

Kitanda kile mpe Bénie, amelala vya kutosha na wewe.

Sitarudi.

Mjomba wako,
Barthélemy